Tuzo ya kitabu cha mtoto inatolewa na nani?

Najua nimepotea, na wawili watatu wenu mmeshaniuliza kantini kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na kazi ya semina iliyonimeza mzima mzima, na leo ndiyo nimeiwasilisha, kwa hiyo angalau naweza kupumua.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa fasihi ya watoto alikuja darasani na vikaratasi kwenye bahasha, kila kimoja na jina la nchi, akasema kila mtu avute chake kisha achunguze nchi hiyo inawatuza vipi waandishi wa watoto na vijana. Jirani yangu akavuta Sweden. Mwingine Japani. Mimi nikafungua changu nikakuta Australia. Jamani, nilichokuwa nakijua kuhusu Australia ni kangaruu na kriketi, na hiyo kriketi yenyewe siielewi. Wiki tatu baadaye nina mambo mengi kuliko dakika kumi na tano nilizopewa, basi yaliyobaki nayamwaga hapa.

Kuna jambo jingine lililofanya kazi hii iniingie. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha kwanza, nikaazima maktaba kitabu chenye muhuri wa tuzo kwenye jalada. Nikajisemea, hiki kimeshapimwa na wataalamu, siwezi kukosea. Nikawasomea kwa sauti. Kufika ukurasa wa nne nusu ya darasa lilikuwa limelala, na nusu nyingine lilikuwa linaangalia mbuzi dirishani. Kesho yake msichana mmoja wa dawati la nyuma akaniletea kitabu kisicho na jalada, kurasa zimekunjamana kama noti ya mia tano, akasema, "Mwalimu, soma hiki." Nikasoma. Kengele ya mapumziko ikalia na hakuna aliyenyanyuka.

Tangu siku ile najiuliza: nani alikosea? Mimi, wanafunzi, au wale waliobandika muhuri? Nimeipata historia ya nchi ambayo imekuwa ikibishana juu ya swali hilohilo kwa takriban miaka 80.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1945, vita kuu ya pili ndiyo inakwisha, watu wa Sydney waliojali vitabu vya watoto waliunda baraza. Mwaka huohuo wakaanzisha Wiki ya Vitabu vya Watoto, na kaulimbiu ya wiki ile ya kwanza ilihusu kuunganishwa na vitabu. Unaweza kuelewa kwa nini, dunia ilikuwa imetoka kuchinjana. Kulikuwa na sababu ya pili pia: vitabu vingi vilivyosomwa na watoto wa kule vilitoka Uingereza. Mtoto anaishi penye joto na vumbi jekundu, Krismasi kwake ni kiangazi, lakini hadithini ni theluji na mahali pa kuotea moto. Walitaka watoto wajione kwenye hadithi.

Mwaka 1946 wakatoa tuzo ya kwanza ya Kitabu cha Mwaka. Aliyeipata ni Leslie Rees kwa *The Story of Karrawingi the Emu*. Emu ni ndege mkubwa asiyeruka, binamu wa mbuni wetu, na yumo kwenye nembo ya taifa lao pamoja na kangaruu. Yaani tuzo ya kwanza kabisa ilikwenda kwa kitabu ambacho Mwingereza asingeweza kukiandika bila kupanda meli. Mabaraza ya majimbo yaliungana mwaka 1959 na kuwa Baraza la Vitabu vya Watoto la Australia, na hilo ndilo linatoa tuzo hizo mpaka leo. Waamuzi wake wanajitolea, na muhuri wao wa dhahabu kwenye jalada unauza kitabu kwa sababu shule na maktaba huuangalia kabla ya kununua.

Kilichonifurahisha ni kwamba waamuzi hawakuwa watu wa kuona haya kusema hakuna. Tuzo ya Kitabu cha Picha ilipoanzishwa katikati ya miaka ya 1950, mshindi wa kwanza alipatikana mwaka 1956: *Wish and the Magic Nut*, kazi ya Peggy Barnard na mchoraji Sheila Hawkins. Lakini kuanzia 1959 hadi 1964 tuzo hiyo haikutolewa hata mara moja. Miaka sita mfululizo! Kuchapa picha za rangi ilikuwa gharama na soko lilikuwa dogo. Tuzo ilikuwepo, ila vitabu vya kuipokea vilikuwa bado. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba tuzo peke yake haizai vitabu, bali wachapaji, wanunuzi na maktaba ndivyo huvizaa. Tuzo huja baadaye, kama mgeni anayekaribishwa chakula kikiwa tayari.

Miaka ya 1960 na 1970 ndiyo majina makubwa yalijitokeza. Ivan Southall, aliyekuwa rubani wa kivita, alishinda Kitabu cha Mwaka mara nne. Kimoja ni *Ash Road*, kilichoshinda mwaka 1966, kuhusu wavulana waliowasha moto porini kwa bahati mbaya, moto ukawashinda. Hakuna mtu mzima wa kuwaokoa haraka. Kabla yake hadithi nyingi za watoto zilihakikisha baba anafika ukurasa wa mwisho. Southall akamwacha mtoto peke yake na matokeo ya alichokifanya. Kitabu chake kingine, *Josh*, kilipata medali ya Carnegie ya Uingereza kwa mwaka 1971, na akawa Mwaustralia wa kwanza kuipata. Ile nchi iliyokuwa inaagiza vitabu Uingereza sasa inakwenda kuchukua medali kulekule. Hapo nilitabasamu peke yangu maktaba.

Mwingine ni Patricia Wrightson, naye mara nne: 1956, 1974, 1978 na 1984. Mwaka 1986 akapewa tuzo ya Hans Christian Andersen, ambayo ni ya dunia nzima, na mwaka huohuo tuzo ya Andersen ya uchoraji ikaenda kwa Robert Ingpen, Mwaustralia pia. Nchi moja, mwaka mmoja, tuzo zote mbili. Nitarudi kwa Wrightson, kwa sababu hadithi yake ina upande wa pili.

Sasa tuje kwa vijana, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Kadiri miaka ilivyokwenda Baraza liligawa tuzo kwa umri. Mwaka 1982 wakatenga kundi la wadogo, 1987 yakapata majina ya Wasomaji Wakubwa na Wasomaji Wadogo, na 2001 wakaongeza kundi la watoto wa umri wa awali. Hilo kundi la Wasomaji Wakubwa likawa uwanja wa mapambano. Mwaka 1988 lilimpa John Marsden, mwalimu wa shule, kwa *So Much to Tell You*, shajara ya msichana wa miaka 14 ambaye hasemi na mtu yeyote. Mwaka 1990 likampa Robin Klein kwa kitabu kuhusu mvulana anayemhusudu msichana mkubwa kuliko yeye, kisha anagundua kwamba msichana huyo ametekwa na dawa za kulevya. Mwaka 1993 likampa Melina Marchetta kwa *Looking for Alibrandi*, kuhusu msichana wa mwaka wa mwisho wa shule, familia yake wahamiaji kutoka Italia, bibi mkali, siri za ukoo, na mitihani inakuja.

Marchetta mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 15. Baadaye akarudi kwenye vitabu, akawa mwalimu. Niliposoma hilo nilifikiria wale wote tuliowaacha nyuma kidato cha pili, na jinsi tunavyowazungumzia kama vile mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini.

Bila shaka wazazi na walimu wengine waliuliza: dawa za kulevya, vifo, mimba, hivi ni vitabu vya watoto hivi? Nadhani swali hilo mnalijua. Kwetu pia kitabu cha darasani kikigusa jambo la kweli kuna mzazi atakuja ofisini kwa mkuu wa shule. Jibu la vitabu vile, ninavyoelewa mimi, ni kwamba kijana ameshayaona hayo barabarani kabla hajayasoma. Tofauti ni kama atayaona peke yake au akiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Haya, upande wa pili wa ugomvi. Kuna waliosema waamuzi wanachagua vitabu wanavyovipenda wao watu wazima, vizito na vya huzuni, huku watoto wakisoma vingine kabisa. Ushahidi wao haukuwa mdogo. *Storm Boy* ya Colin Thiele, ya miaka ya 1960, imesomwa na vizazi na imetengenezwa filamu mara mbili, lakini haikuwa Kitabu cha Mwaka. Mem Fox, aliyekulia kwenye misheni karibu na Bulawayo nchini Zimbabwe ya leo, alikataliwa na wachapaji tisa kabla *Possum Magic* haijatoka mwaka 1983. Mwaka uliofuata Kitabu cha Picha cha Mwaka kikawa cha mwingine, *Bertie and the Bear* cha Pamela Allen. Lakini *Possum Magic* ndiyo iliyouza nakala kwa mamilioni. Na John Marsden alipotoa *Tomorrow, When the War Began* mwaka 1993, kitabu ambacho vijana walikinyang'anyana, tuzo ya 1994 waligawana Isobelle Carmody na Gary Crew.

Basi watoto wakapewa kura. Jimbo la Western Australia lilianza mapema, mwaka 1980. Victoria wakafuata 1986 kwa tuzo iitwayo YABBA, na New South Wales 1987 kwa KOALA, kama yule mnyama. Utaratibu ni rahisi: watoto wanapendekeza, watoto wanapiga kura, mtu mzima kazi yake ni kuhesabu. Na nani alikuwa anashinda? Paul Jennings, mara nyingi sana. Huyu alikuwa mwalimu na mtaalamu wa matatizo ya usemi, akaanza mwaka 1985 na hadithi fupi za vituko akiwalenga watoto wasiopenda kusoma. Baada yake Andy Griffiths, mwalimu wa Kiingereza, akiandika hadithi za makalio yanayotoroka na nyumba ya juu ya mti yenye ghorofa 13, kisha 26, kisha 39, hadi zikafika 169 mwaka 2023. Mtoto anacheka, anafungua ukurasa mwingine, na kabla hajajua amemaliza kitabu kizima.

Niliposoma hapo nikamkumbuka yule msichana wa dawati la nyuma. Yeye alikuwa YABBA yangu. Tatizo ni kwamba sikuwa nimeandaa sanduku la kura.

Lakini wadau, nisiwadanganye kwamba kura inamaliza kila kitu. Kura humpa ushindi aliyeshapendwa, na kuna sauti ambazo haziwezi kupendwa kwa sababu hazijawahi kusikika. Hapa ndipo panaponiuma zaidi katika historia yote hii.

Wenyeji asilia wa Australia, ambao wengi tunawaita Waaborijini, wamekuwa na hadithi kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kwenye tuzo walianza kwa kuonekana, si kwa kusema. Mwaka 1958 Kitabu cha Picha cha Mwaka kilikuwa cha mpigapicha Axel Poignant, picha za watoto wa Kiaborijini, na jina la kitabu lilitumia neno la dharau walilokuwa wakiitwa watoto weusi. Mpaka kikapewa muhuri, na hakuna aliyeona tatizo! Baadaye jina likabadilishwa. Ilipofika 1967 ndipo kura ya maoni ilipofuta kifungu cha katiba kilichowaacha wenyeji hao nje ya hesabu ya watu wa nchi.

Miaka tisa baadaye, 1976, Kitabu cha Picha cha Mwaka kikawa *The Rainbow Serpent* cha Dick Roughsey, Mlardil wa kisiwa cha Mornington, akisimulia na kuchora nyoka wa upinde wa mvua. Mwenyewe, kwa mkono wake. Sasa mlinganishe na Patricia Wrightson, aliyekuwa mzungu na aliyejaza vitabu vyake mizimu na viumbe vya hadithi za Waaborijini. Wakati ule alisifiwa kwa kuipa nchi hadithi za ardhi yake. Baadaye watu wakauliza: nani alimpa ruhusa? Mimi sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila tuzo nne kwa aliyeazima ni nyingi ukizingatia wenye mali walikuwa wamesimama mlangoni.

Mwaka 1999 ilishinda *The Rabbits*, maneno ya John Marsden na picha za Shaun Tan. Sungura wanafika kwa meli, wanaongezeka, wanachukua nchi, wanachukua na watoto. Kila Mwaustralia alielewa. Miaka miwili tu nyuma, 1997, ilikuwa imetoka ripoti ya taifa kuhusu watoto wa Kiaborijini walioondolewa kwa nguvu kwenye familia zao. Wengine walilalamika kwamba si kitabu cha watoto, ni siasa. Nikajiuliza, wale watoto waliochukuliwa hawakuwa watoto?

Kisha kuna kitabu nilichokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii. Shule ya Papunya, katikati ya jangwa la Northern Territory, walitengeneza kitabu chao cha nchi na historia, walimu, wazee na wanafunzi pamoja, wakisaidiwa na mwandishi Nadia Wheatley na mchoraji Ken Searle. Kikatoka 2001, na 2002 kikashinda tuzo ya Eve Pownall, ambayo ni ya vitabu vya maarifa. Shule! Si jumba la uchapishaji la mjini, shule ya jangwani. Mwaka 2011 Boori Monty Pryor, msimulizi wa Kiaborijini, akishirikiana na Jan Ormerod, alishinda tuzo ya Waziri Mkuu kwa *Shake a Leg*, na mwaka uliofuata akateuliwa pamoja na Alison Lester kuwa mabalozi wa kwanza wa fasihi ya watoto nchini humo.

Nimetaja tuzo ya Waziri Mkuu, basi tuzungumze fedha, maana najua bumu limechelewa na nyote mnataka kusikia takwimu. Serikali za majimbo zilianza kutoa tuzo zao zamani, New South Wales tangu 1979, na moja ya tuzo zake kwa vitabu vya vijana ina jina la Ethel Turner, mwandishi wa *Seven Little Australians* cha mwaka 1894. Nyingine ina jina la huyohuyo Wrightson. Tuzo za Waziri Mkuu zilianza kutolewa 2008, vitabu vya watoto na vya vijana vikaongezwa 2010. Tangu 2011 mshindi wa kila kundi amekuwa akipata dola 80,000 za Australia bila kukatwa kodi, na waliofika fainali dola 5,000 kila mmoja. Kwa mwandishi wa watoto hiyo ni miaka ya kuandika bila kuomba likizo.

Ila fedha ya serikali ina mwenyewe. Mwaka 2012 jimbo la Queensland lilipata serikali mpya, na Waziri Kiongozi wake, Campbell Newman, akafuta tuzo za fasihi za jimbo ndani ya siku chache za kuingia ofisini. Sababu ilikuwa kubana matumizi, takriban dola 250,000. Tuzo zilizokuwepo tangu 1999 zikazimwa kama taa. Waandishi na wasomaji walifanyaje? Wakachangishana. Watu wa kujitolea wakaunda tuzo mpya za Queensland mwaka huohuo, wakasoma vitabu, wakatoa tuzo, vitabu vya watoto na vya vijana vikiwemo. Baadaye maktaba ya jimbo ikazipokea. Nilipowasilisha sehemu hii darasani kulikuwa kimya kabisa, halafu mtu nyuma akapiga makofi.

Na yule mwenzangu wa Sweden? Tulikuja kukutana njiani. Kule kuna tuzo ya Astrid Lindgren, krona milioni tano, kubwa kuliko zote duniani kwa fasihi ya watoto. Sonya Hartnett wa Australia aliipata 2008, Shaun Tan 2011, mwaka uleule filamu fupi ya kitabu chake *The Lost Thing* ilipopata Oscar. Mwaka 2015 ikaja Afrika, kwa PRAESA ya Afrika Kusini, ambao kazi yao ni kuwasomesha watoto katika lugha zao wenyewe. Kwa hiyo karatasi yake na yangu zikaishia kushikana mikono.

Mwalimu aliniuliza swali moja tu mwishoni: "Kwa hiyo wewe ungempa nani kazi ya kuchagua, watoto au watu wazima?" Nikababaika, nikajibu "wote wawili", darasa likacheka kwa sababu lilisikika kama jibu la mwanasiasa. Nikiwa nashuka ngazi ndipo jibu langu likaja. Watu wazima wana kazi ya kuchungulia nje ya mlango na kumwona yule ambaye hajasikika, kama Dick Roughsey, kama shule ya Papunya. Watoto wana kazi ya kutuambia tunapowachosha. Upande mmoja ukifanya kazi ya mwingine, mambo yanaharibika.

Kwa hiyo nimeamua. Mazoezi yajayo naenda na vitabu vitano, vyenye muhuri na visivyo na muhuri, pamoja na boksi la viatu lenye tundu juu. Nitasoma kurasa tano za kila kimoja. Wao watapiga kura, na kitakachoshinda tutakimaliza pamoja. Kisha nitadai haki yangu ya kuchagua kimoja ambacho hawakukipigia kura, nao watanivumilia.

Na lile la kitabu kisicho na jalada: sikuwahi kukijua jina lake wala mwandishi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechanika. Kama kuna tuzo iliyowahi kukipata, muhuri wake ulishaondoka na jalada siku nyingi.

Niambieni wadau: wewe kitabu gani kilikufanya usisikie kengele? Semeni tu, sitawacheka. Ngoja nikatafute chai kabla kantini hawajafunga.